Nilivyovuka sekunde 11.7 kwenye mita 100

Ukisema hapa Mwanza kwamba wewe ni mkimbiaji, swali linalofuata ni unakimbia kilomita ngapi. Sishangai. Sifa za nchi hii zimejengwa na mbio za kati na ndefu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, Suleiman Nyambui akaleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow mwaka 1980, na Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025. Mtoto anaanza kuzijua mbio kwa mchakamchaka wa shuleni, na akikua anajiunga na vikundi vya jogingi vinavyopita Capri Point asubuhi vikiimba. Nayapenda hayo yote. Ila mimi ni mtu wa mita 100, na mita 100 haziongezeki kasi kwa njia hiyo. Nilichelewa kukutana na mtu wa kunieleza hivyo, ndiyo maana naandika, kwa sababu nawaona vijana wengi hapa jijini wamekwama pale pale nilipokwama.

Muda wangu ulikuwa sekunde 11.7 kwa saa ya mkono, yaani ile ya kubonyezwa na mtu, ukagoma hapo misimu miwili. Nikaongeza mazoezi, ukabaki 11.7. Nikapanda kilima cha Isamilo kwa kasi mpaka mapaja yanawaka moto, ukabaki 11.7. Wenzangu niliokimbia nao UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, walishaacha, wakisema kasi mtu huzaliwa nayo. Kipaji kina sehemu yake, sikatai. Lakini kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kupimwa vizuri hawezi kujua kwamba amefika mwisho wa kipaji chake.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja mstaafu wa michezo, ambaye jioni hupenda kukaa pembeni ya uwanja wa shule tunakofanyia mazoezi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniacha nikimbie, kisha akaniita.

"Hiyo 11.7 yako unaipoteza wapi?"

Nikamwambia labda ni kwenye kuanza. Akatikisa kichwa.

"Labda haipimwi, mwanangu. Mita 100 ni mbio tatu zilizounganishwa. Kuna kuchomoka na kuchanganya, kuna kilele cha kasi, halafu kuna kuing'ang'ania hiyo kasi isikuponyoke. Wewe unaniambia jumla. Niambie vipande."

Akanipa mfano wa Usain Bolt, Berlin, mwaka 2009. Siku ile ya 9.58, alipita mita 60 kwa sekunde 6.31, mita 80 kwa 7.92. Kipande cha kutoka 60 hadi 80 alikimaliza kwa sekunde 1.61, na hiyo ni kasi ya karibu kilomita 45 kwa saa. Mita 20 za mwisho zilimchukua 1.66. Hata yeye alikuwa ameanza kupungua. Sisi wengine kilele chetu huja mapema zaidi, na kupungua nako huanza mapema zaidi. Kwa hiyo ukijua jumla tu, hujui dawa iende wapi.

Basi tukaanza kupima, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanapima hewa. Mtu anasimama kwenye mstari wa kumalizia, mwenzake anapiga makofi kule mwanzo, naye anabonyeza saa akisikia. Sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100. Hapo umeshazawadiwa muda ambao si wako. Mpiga saa anatakiwa aangalie mkono wa mwanzishaji ukishuka, asisubiri mlio. Na hata ukifanya vizuri, saa ya mkono kwenye mita 100 huwa inatoa muda mzuri kuliko mtambo wa umeme kwa takriban sekunde 0.24, kwa hiyo 11.7 ya mkono ukiipeleka kwenye mtambo itasoma karibu na 11.9.

Kwa vipande tulitumia simu. Tulipima njia kwa futi, tukaweka alama za chokaa katikati ya njia kwenye mita 0, 30, 60 na 100. Simu inawekwa pembeni, mbali na njia, usawa wa katikati ya kipande unachokipima. Kisha mwenzako anashika fito na wewe unaangalia kwenye simu, anaisogeza mpaka ilingane na alama ya chokaa. Usipofanya hivyo, ile pembe ya kamera itakudanganya. Simu yangu inachukua picha 60 kwa sekunde. Unahesabu picha tangu kiuno kinapopita fito ya kwanza mpaka kinapopita ya pili, unagawanya kwa 60. Kipande kimoja kwa mbio moja, siku inayofuata unahamisha simu.

Kuna jambo jingine la watu wa kandokando ya ziwa: upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja mjini, na jioni bado unavuma. Alfajiri unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kanuni za riadha hazikubali rekodi ya mita 100 ikiwa upepo wa mgongoni umezidi mita 2.0 kwa sekunde, na upepo wa ziwa hili unaweza kukupa hizo bila kukuarifu. Niliamua kupima saa ile ile, nikikimbia upande ule ule, siku ambazo bendera ya shule imelala.

Majibu yalipotoka yalinishangaza. Mita 30 za kwanza nilitumia sekunde 4.2, sawasawa na kijana mmoja wa kundi letu anayekimbia 11.3. Kutoka 30 hadi 60 yeye alitumia 3.0, mimi 3.2. Mita 40 za mwisho yeye 4.1, mimi 4.3. Kuanza, nilikodhani ndiko kwenye tatizo, ndiko nilikokuwa na nguvu. Nafanya kazi na shangazi yangu Mwaloni, Kirumba, kwenye biashara ya dagaa, na magunia yamenijengea mapaja. Kilima cha Isamilo nacho kilikuwa kinaongeza kile kile nilichokuwa nacho tayari.

Mwalimu alinieleza kwa nini. Ukipanda mlima mwili unainama, mguu unakaa chini muda mrefu, unasukuma. Hiyo ndiyo kazi ya mita za mwanzo. Lakini ukifika kilele cha kasi umesimama wima, na mguu unagusa ardhi kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi. Hakuna nafasi ya kusukuma taratibu. Unatakiwa upige ardhi kwa nguvu ndani ya huo mguso mfupi, na mwili hujifunza hilo kwa kulifanya, ukiwa katika kasi yenyewe. Mchakamchaka haukufikishi huko, mlima haukufikishi huko, na mbio nyingi za mita 200 ukiwa umechoka ndizo zinakufundisha kukimbia kwa kasi ya mtu aliyechoka.

Dawa aliyonipa ilionekana ndogo mno. Unaanza kuchanganya polepole kwa mita 30, bila kutumia nguvu nyingi, kisha unaingia kwenye mita 20 zilizowekewa alama na hapo unatoa kasi yote uliyonayo. Ukitoka kwenye alama unaachia, unapunguza taratibu. Tatu au nne, zikizidi tano. Mara mbili kwa wiki, na kati yake siku mbili au tatu. Muda ukianza kuporomoka siku hiyo, unavaa raba unaenda nyumbani, hata kama umekimbia mara mbili tu.

Na mapumziko. Hapa ndipo wenzangu walipoanza kuniona mvivu. Nguvu ya kukimbia kasi kamili inatoka kwenye akiba ndogo ya fosfokreatini iliyomo ndani ya misuli, na akiba hiyo inatosha sekunde chache tu. Kujaa tena kunataka dakika kadhaa; tatu ni chache, tano ni afadhali. Makocha wa mbio fupi wana kipimo chao: dakika moja kwa kila mita 10 ulizokimbia. Ukijumlisha na zile 30 za kuchanganya, mbio yangu ni mita 50, kwa hiyo mimi natoa kasi yote sekunde mbili na kitu, halafu natembea dakika tano, wakati wenzangu wanazunguka uwanja wakitota jasho. Ilinibidi niamini namba. Kila mbio niliipima, na mbio za baada ya pumziko la kutosha zilikuwa nzuri, zile za haraka haraka zilikuwa mbaya, bila kukosea.

Pumziko la uwanjani bila pumziko la kazini lisingefaa kitu. Nilikwenda kwa shangazi.

"Shangazi, Jumanne na Ijumaa naomba nisibebe magunia."

"Kwani mbio zimeshakuwa kazi, baba?"

"Siku hizo mbili tu. Nitakaa kwenye mizani na daftari."

Aliniangalia, akaendelea kuhesabu hela zake, halafu akasema nikae kwenye mizani, ila Jumatano asisikie habari za miguu. Namshukuru mpaka leo. Bila ruhusa ile hakuna ambacho kingebadilika, na nawaambia vijana wanaofanya kazi za kubeba: tafuteni makubaliano ya aina hiyo kabla ya kutafuta viatu vya spaiki. Nilianza pia kulala saa tatu usiku, kwa sababu sokoni tunaingia alfajiri na usingizi hauwezi kulipwa mchana.

Kuhusu chakula sina mengi. Dagaa, maharage, maziwa mgando, ugali, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya asubuhi. Chakula cha kanda hii kinamtosha mkimbiaji akila cha kutosha.

Tuliongeza mazoezi ya nguvu, machache. Kubwa kuliko yote ni la misuli ya nyuma ya paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele taratibu ukijizuia kadiri unavyoweza. Misuli hiyo ndiyo inayochanika watu wanapofika kasi ya juu, na sikutaka kukuza kasi kwenye paja lisiloweza kuibeba. Mwanzoni nilikuwa nashuka robo tu kisha naanguka na mikono. Baada ya hapo miruko ya mguu mmoja mmoja kwenye nyasi, na ya miguu miwili. Kila wiki ya nne tulipunguza karibu nusu ya kila kitu. Wiki hizo za kupunguza ndizo zilizokuwa zikifuatiwa na namba nzuri, na sasa siziruki hata nikijisikia na nguvu kiasi gani.

Mtindo wa kukimbia tuliugusa sehemu mbili tu. Video ilionyesha kwamba nikitafuta kasi narefusha hatua, mguu unatua mbele ya mwili, na kila hatua ya namna hiyo ni breki. Mwalimu alinikataza kufikiria urefu wa hatua. Akanitaka niinue goti na kuupiga mguu chini ya kiuno. La pili lilikuwa uso. Nilikuwa nakunja taya na ngumi kuanzia mita 50, mabega yanapanda, mikono inafupika. Alinifundisha kuiacha midomo ilegee. Nilipoiweza hiyo kwenye zile mita 20, muda ulishuka siku hiyo hiyo, na nilihisi kama sijajitahidi.

Miezi ya mwanzo jumla haikusogea. Nisingekuwa na vipande ningekata tamaa, kwa sababu mita 100 bado zilisoma 11.7 huku kipande cha kati kikishuka kidogo kidogo, 3.2, 3.15, 3.1. Mvua za masika zilipoisha na uwanja ukakauka, nikakimbia mita 100 kamili, wapiga saa wawili na simu: 11.4. Mita 30 za kwanza 4.2 zile zile. Za kati 3.05. Za mwisho 4.15, ingawa sikuwa nimezigusa kabisa. Kilele kikipanda, hata kupungua kunaanzia juu. Mwalimu aliangalia hesabu kwenye daftari langu mara mbili, akanipa mkono.

Sasa tumehamia kwenye hizo mita 40 za mwisho. Tunakimbia mita 80 hadi 120 kwa karibu kasi yote, mbili au tatu kwa siku, pumziko dakika nane mpaka kumi, siku moja kwa wiki, na zile mita 20 za kasi kamili zimebaki siku yake. Kijana wa 11.3 naye amepimwa, imeonekana kwake tatizo liko kwenye kuchomoka, kwa hiyo yeye ndiye anayepanda Isamilo siku hizi. Tunapima Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jioni, upepo ukishatulia. Anayetaka kupimwa aje na raba, futi na fito tunazo.