Pesa Isikae kwa Jina la Mtoto: Nilivyopanga Fedha na Shule ya Mwanangu Mwenye Usonji Huku Texas

Mwanangu alipothibitishwa kuwa na usonji, nilianza kwa kumaliza akiba iliyokuwa benki kwa jina lake. Zilikuwa pesa za sikukuu alizotunzwa na ndugu. Nilimlipia tiba ya kuongea, nikamnunulia tableti yenye programu ya picha za kumsaidia kuwasiliana, nikaweka risiti, kisha nikaifunga akaunti. Wengi wetu hufanya kinyume: tukisikia mtoto ana ulemavu, tunakimbilia kumwekea akiba. Nia ni njema, lakini Marekani pesa iliyo kwa jina la mtoto mwenye ulemavu ndiyo inayomnyima msaada.

Sababu ni SSI, posho ya kila mwezi ya serikali kuu kwa watu wenye ulemavu na kipato kidogo. Mwaka 2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Hapa Texas anayepata SSI anapata na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kwangu mimi bima hiyo ni kubwa kuliko posho yenyewe, maana saa za tiba ya mtoto wa usonji hazilipiki kwa mshahara wa kawaida. Sharti ni kwamba mpokeaji asiwe na mali inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989.

Mtoto akiwa chini ya miaka 18, ofisi ya Social Security hutazama pia kipato na mali ya wazazi anaoishi nao. Mali ya mzazi mmoja ikizidi dola 2,000, au ya wazazi wawili ikizidi 3,000, ile ziada inahesabiwa kuwa ya mtoto. Nyumba mnayoishi haimo, gari moja halimo, na mfuko wa pensheni wa mzazi haumo. Kiwanja ulichonunua Kitengela au Kigamboni kimo, ikiwa ni chako na unaweza kukiuza. Fungu lako kwenye chama limo pia kama unaweza kulitoa. Fomu inauliza, na jibu lisilo kweli hurudi baadaye kama deni.

Kuna kanuni nyingine inayowakamata watu wa kwetu hasa: safari ya nyumbani. Mpokeaji wa SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, posho inasimama, na akirudi ni lazima akae nchini siku 30 mfululizo kabla haijaanza tena. Kwa hiyo likizo ya mtoto naikatia tiketi ya wiki tatu, nne zikizidi sana, na nabakiza siku kadhaa kwa ajili ya ndege kuahirishwa. Bibi yake akitaka kukaa naye zaidi, ni afadhali yeye aje huku.

Sasa, pesa iende wapi? Mahali pa kwanza ni akaunti ya ABLE, iliyotokana na sheria ya mwaka 2014. Ina jina la mtoto, lakini dola 100,000 za kwanza ndani yake SSI haizihesabu. Ziada ya hapo ikimfanya avuke kile kikomo cha mali cha dola 2,000, posho inasitishwa, ila Medicaid inabaki. Mwaka 2025 ilikuwa inaruhusiwa kuingiza jumla ya dola 19,000, na yeyote anaweza kuchangia: mjomba, jirani, kikundi cha msikitini au kanisani. Zamani ulemavu ulitakiwa uwe umeanza kabla ya miaka 26. Tangu Januari 2026 ni kabla ya miaka 46. Texas ina mpango wake, lakini mipango ya majimbo mengine nayo inapokea watu wa nje, kwa hiyo linganisha ada. Ndugu wakiuliza wampe nini Idi, nawatumia kiungo cha kuchangia. Taslimu mkononi mwa mtoto sipendi.

ABLE inalipia shule, tiba, usafiri, vifaa, nyumba, hata mazishi. Pesa ya nyumba ndiyo yenye mtego. Ukitoa dola 600 za kodi tarehe 29, tarehe 1 ikazikuta bado ziko kwenye akaunti ya kawaida, zinahesabiwa kuwa mali ya mwezi mpya. Toa na ulipe ndani ya mwezi huohuo. Jambo jingine: mwenye akaunti akifariki, jimbo linaweza kudai kwenye salio gharama za Medicaid zilizolipwa tangu akaunti ilipofunguliwa. Ndiyo maana ABLE ni ya matumizi ya miaka ya karibuni, si ya urithi.

Urithi unahitaji amana ya mahitaji maalumu, yaani mali inayoshikwa na mdhamini kwa ajili ya mtoto bila kuwa kwa jina lake, na hapa usijaribu kuandika mwenyewe. Tafuta wakili anayeifanya kazi hiyo kila siku. Amana ziko namna mbili. Ya kwanza huwekwa pesa za wazazi na ndugu. Mtoto akifariki, kilichobaki kinakwenda kwa mliowataja, na serikali haidai kitu. Ya pili huwekwa pesa za mtoto mwenyewe, kwa mfano fidia ya ajali. Ni lazima ianzishwe kabla hajatimiza miaka 65, na akifariki Medicaid inalipwa kwanza. Usizichanganye. Dola chache za mtoto zikiingia kwenye amana ya kwanza zinaweza kuipa Medicaid mlango wa kudai.

Mdhamini wa amana anamlipa muuzaji moja kwa moja: fundi wa kiti cha magurudumu, mwalimu wa muziki, kampuni ya simu. Akimpa mtoto fedha taslimu, SSI inapungua dola kwa dola. Akimlipia nyumba inapungua pia, ingawa kwa kikomo. Chakula hakihesabiwi tena tangu tarehe 30 Septemba 2024, na hilo limewapunguzia familia makaratasi mengi.

Amana ikishaandikwa, kazi iliyobaki ni kubadilisha majina, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Fomu ya mnufaika uliyojaza kazini siku ya kuajiriwa ina nguvu kuliko wosia. Kama bima ya maisha au pensheni inasema mnufaika ni mtoto, pesa itakwenda kwake, amana ibaki tupu. Nilizipitia fomu zote moja moja, nikaandika jina kamili la amana na tarehe yake kama wakili alivyonielekeza. Kisha nikawapigia simu wazazi na ndugu zangu kuwaomba kwamba wakimkusudia kitu mwanangu, wakiandike kwa amana. Kwa sisi Waislamu mirathi humpa mrithi fungu lake moja kwa moja, na wasia kwa mrithi hauendi bila ridhaa ya warithi wenzake. Hapo mkae na sheikh na wakili kwenye meza moja wakati mwenye mali yu hai, mzungumzie hiba.

Mzazi mwenzangu, na kazi yako iandikwe. Mtu ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 22 anaweza kupata mafao ya Social Security kwenye rekodi ya mzazi: hadi nusu ya fao la mzazi akistaafu, na hadi asilimia 75 akifariki. Fao la uzeeni linahitaji alama 40 za kazi iliyokatwa kodi, yaani kama miaka kumi. Kazi ya kulipwa mkononi bila makato inakupa pesa ya leo, lakini inamnyima mtoto wako pesa ya kesho.

Huduma za nyumbani zina foleni yake. Texas ina programu za Medicaid kama HCS na CLASS zinazolipia msaidizi, mapumziko ya mlezi na mafunzo ya maisha, na kwa programu hizi kipato cha mzazi hakihesabiwi. Foleni ya HCS hupita miaka kumi. Kwa hiyo andikisha mtoto mara tu anapothibitishwa, hata kama leo huoni haja. HCS unajiandikisha katika mamlaka ya ulemavu wa ukuaji ya eneo lako. CLASS na MDCP, programu nyingine ya Medicaid kwa watoto wanaohitaji uangalizi wa kitabibu, ni kwa simu kwenye idara ya afya ya jimbo. Jiandikishe zote. Ukihama nyumba au kubadilisha namba ya simu, wajulishe, maana wakikutafuta wasikupate jina linaondolewa. Ukihamia jimbo jingine unaanza upya nyuma ya foleni, na hilo lipime kabla ya kufuata kazi Ohio au Minnesota.

Shuleni silaha ni karatasi. Ombi la tathmini niliandika kwa barua pepe yenye tarehe, kwa mkuu wa elimu maalumu wa wilaya na nakala kwa mwalimu mkuu. Ukimwambia mwalimu mlangoni, hakuna saa iliyoanza kuhesabu. Ukiandika, shule za Texas zina siku 15 za shule kukujibu; ukishatia sahihi ya ridhaa, ripoti ya tathmini iwe tayari ndani ya siku 45 za shule; kisha kikao cha kamati ya kupanga elimu yake, kinachoitwa ARD huku, ndani ya siku 30. Sheria ya taifa, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, na shule ikuletee mkalimani kikaoni. Omba wa Kiswahili mapema. Na mtu akikuambia uache kuzungumza Kiswahili nyumbani ili mtoto aseme haraka, usimsikilize.

Kwenye IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto wako unaoandikwa kikaoni, soma malengo na dakika. Lengo kama “ataboresha mawasiliano” halipimiki, na mwisho wa mwaka kila mtu atasema limefikiwa. Mimi niliomba liandikwe hivi: akionyeshwa picha mbili, ataomba anachotaka kwa maneno mawili, mara 4 kati ya 5, kwa wiki tatu mfululizo. Dakika nazo ziandikwe: tiba ya kuongea dakika 30, mara 2 kwa wiki, na nani anaitoa. Maneno “kadiri itakavyohitajika” yanaacha mwanya wa kutotoa chochote. Kama hukubaliani, usitie alama ya kukubali kwa aibu. Omba mapumziko ya kikao, yasiyozidi siku 10 za shule, mrudi na hoja. Usiporidhika na tathmini yao, una haki ya kuomba nyingine ya mtaalamu huru kwa gharama ya wilaya.

Mpango wa maisha baada ya shule huanza na miaka 14 Texas, na 16 kwa sheria ya taifa. Hapo kuna uamuzi mzito: cheti cha kawaida cha kuhitimu kikipokelewa, haki ya elimu maalumu inakwisha. Kama bado kuna huduma za mafunzo ya kazi na kujitegemea hadi miaka 21, kamati iandike wazi kwamba mwanafunzi anaendelea nazo, kabla hamjaagiza joho.

Siku anapotimiza miaka 18 mzazi hana tena sauti ya kisheria. Mwaka mmoja kabla yake, amueni: ulezi wa mahakama, au makubaliano ya kusaidiwa kuamua, ambayo Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuyatambua kisheria mwaka 2015. Mahakama hutaka ithibitishwe kwamba njia nyepesi hazitoshi, na mimi naona ni haki. Kwa waliokataliwa SSI kwa sababu ya mshahara wa wazazi, mwezi unaofuata miaka 18 ombeni tena: kipato chenu hakihesabiwi. Anayeipokea tayari atapimwa upya kwa vigezo vya watu wazima, basi ripoti za shule na za daktari ziwe tayari.

Mwisho kuna barua ya maelekezo kwa atakayemlea nikiondoka. Haina nguvu ya kisheria, lakini inasema yasiyomo kwenye amana: dawa na vipimo, chakula asichokigusa, sauti zinazomtisha, anavyoonyesha kwamba tumbo linamuuma, nani anaruhusiwa kulala naye nyumba moja. Nakala iko kwa mdhamini na kwa shangazi yake, na kila Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, naisahihisha.