Kamera moja ya kwenda nayo Kigoma

Safari ni ya reli ya kati mpaka inakoishia, Kigoma. Kutoka hapo napanda basi: Kasulu, Kibondo, Biharamulo, hadi Bukoba, kisha meli ya usiku kuvuka ziwa kwenda Mwanza. Begi ni moja. Simu itapiga picha za kutuma nyumbani ili mama asiwe na wasiwasi. Ninachotafuta ni kamera ndogo ya filamu, moja tu, ya kukaa mfukoni mwezi mzima bila kunisumbua.

Za bei mbaya nilizitoa mapema. Contax T2 ya mwaka 1990 ina lenzi nzuri mno, hilo sibishi, lakini Kyocera waliokuwa wakiitengeneza walitangaza kuachana na biashara ya kamera mwaka 2005. Ubongo wake wa umeme ukifa Uvinza, ndiyo basi tena. Na kwa pesa ile ningezunguka ziwa zima na chenji ikabaki.

Olympus mju-II ya 1997 ilinikalia kichwani zaidi. Nyepesi, haiogopi manyunyu, inalenga yenyewe. Ila kila ukiifungua flashi inarudi kwenye kujiwakia. Piga picha moja uvivuvivu usiku ndani ya behewa, uone abiria wote watakavyokugeukia. Halafu inakula betri ya CR123A, na mimi sijioni nikiingia duka la Kibondo kuulizia betri ya namna hiyo.

Kila ninayemwomba ushauri ananipa jibu lilelile: chukua Olympus Trip 35, haitumii betri kabisa. Ni kweli. Zilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, na ule mduara wa vioo vidogovidogo kuzunguka lenzi ndio unaopima mwanga na kuiendesha. Nimeazima moja ya rafiki, nikabadilisha sponji za mlango wa kuwekea filamu zilizokuwa zimegeuka ute mweusi kama lami, zinashika vidole na hazitoki mpaka kwa spiriti. Mchana ni raha tupu. Lakini mwanga ukipungua, kibendera chekundu kinachomoza kwenye kitundu cha kutazamia na kitufe kinagoma. Kuna ujanja wa kuitoa kwenye A, ile ya kujiamulia yenyewe, ukaiweka 2.8, yaani tundu la lenzi wazi kabisa, ikakupigia kwa sehemu ya 40 ya sekunde, na hapo ndipo inapogota. Sasa nusu ya safari yangu ni gizagiza: vituo tutakavyofika usiku wa manane, wauza chai wa alfajiri, wavuvi wa dagaa na taa zao. Kamera inayogoma jua likizama inanifaa nini?

Kwa hiyo nachukua Olympus XA. Ilitoka 1979, ya mbunifu Yoshihisa Maitani, nayo ukishaifunga kile kifuniko chake cha kuteleza inafanana na kipande cha sabuni nyeusi. Ndani ya kitundu kuna kidoa hafifu cha njano chenye picha mbili. Unasogeza kijiwenzo kilicho chini ya lenzi mpaka mbili ziwe moja, umemaliza kulenga. Giza likizidi, yenyewe inaacha pazia la kupitishia mwanga wazi hadi sekunde 10. Naiweka juu ya ukuta pale ufukweni, nashika pumzi, basi.

Inatumia betri, ndiyo. Wanaoiogopa kwa sababu hiyo hawajauliza ni betri gani. Nilichomoa mbili za mle ndani nikampelekea mzee mmoja fundi saa, Kariakoo.

"Shikamoo mzee. Hizi zinapatikana?"

"Marahaba. Hizi?" Akavuta droo. "Binti, hizi nakuuzia ngapi? Hata saa za watoto za kuwaka taa zinatumia hizi."

Jina lake LR44. Nimechukua na SR44 pia, zile za madini ya fedha, kwa sababu umeme wake haushuki polepole kama wa LR44. Unakaa palepale hadi betri inapokwisha. Pakiti nzima inaingia kwenye kijaluba cha hereni. Hoja ya betri nimeifunga hapo.

Kilichoniamulia hasa ni kitu ambacho wanaozisifia hizi kamera hawakitaji sana. Chini ya XA kuna kijiwenzo cha kujipiga mwenyewe, na kijiwenzo hichohicho kina sehemu ya kuongeza mwanga karibu mara tatu. Kipimo cha kamera ni kijinga: kikiona dirisha la treni linang'aa, kinadhani kila kitu kinang'aa. Msukuma aliyekaa mbele ya dirisha hilo anatoka kivuli chenye meno. Nina albamu nzima ya harusi za ukoo zilizopigwa hivyo. Mashangazi wanatambulikana kwa vitenge tu. Kwa kidole kimoja chini ya kamera uso unarudi, na sitahitaji kumwambia mtu ahame kwenye kiti chake.

Filamu ni nyeusi na nyeupe, HP5. Za rangi ningelazimika kuwapa watu wanisafishie, lakini hii nasafisha mwenyewe jikoni. Kazi ipo kwenye maji. D-76, dawa ya kusafishia filamu, inataka nyuzi 20 kwa dakika saba na nusu, na bomba la Dar linatoa maji ya uvuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo nanunua barafu kwa mama wa juisi jirani, ambaye bado anaamini natengeneza dawa. Njiani, zilizopigwa zitakaa katikati ya begi, zimeviringishwa kwenye khanga, joto lisizifikie. Juu ya dashibodi ya basi hapana, hata kondakta akibembeleza.

Madaraja na kambi sipigi, sitaki maswali. Watu nitawaomba kwanza.

Limebaki suala la tarehe. Wavuvi wa dagaa wa Tanganyika hawafui dafu mbalamwezi ikiwa kali. Samaki hawazifuati taa, na wavuvi wengi wanapumzika. Nikifika Kigoma mwezi mpevu nitapiga mitumbwi iliyolala mchangani. Nimeshahesabu kwenye kalenda, nimesogeza likizo mbele, bosi kasaini bila kuuliza kwa nini. Kesho nakwenda stesheni kukata tiketi.