Msimulizi mtoto na ukweli asiouelewa

Tunapomtaja msimulizi asiyeaminika, wengi wetu humfikiria mwongo, yaani mtu mzima anayeficha jambo kwa makusudi na kumpotosha msomaji hadi kurasa za mwisho. Istilahi hiyo ilienea katika uhakiki kutokana na kazi ya Mmarekani Wayne Booth ya mwaka 1961, na tangu hapo imebebeshwa wasimulizi wasiofanana hata kidogo. Mmoja wao ni mtoto anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiye anayeonewa zaidi katika kundi hilo, kwa sababu aliyoyaona mara nyingi aliyaona kweli, ila maana yake ndiyo imemzidi umri.

Nitumie mfano wa kubuni kutoka hapa Mwanza. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, kwa kuwa mwanga wa taa ndio unaowavuta dagaa juu. Mbalamwezi ikishapamba moto taa hizo hazifui dafu, na wengi wao hurudi nyumbani kupumzika na kushughulikia nyavu. Sasa mpe nafasi ya kusimulia mtoto wa miaka saba wa Kirumba, ambaye baba yake anavua huko visiwani: “Mwezi ukiwa mkubwa baba analala nyumbani. Mwezi ukipotea anakuja anko Deo. Anko Deo ananinunulia soda, halafu mama ananiambia nikalale kwa bibi. Mama anapenda giza, kwa sababu giza likikaribia anasuka nywele.”

Hakuna uongo katika maneno hayo. Mtoto ameshika hesabu ya mwezi barabara, soda ameinywa kweli, na nywele zimesukwa kweli. Alichokosea ni sababu tu. Neno “uzinzi” halijaandikwa popote, lakini msomaji yeyote anayejua maisha ya ziwani amekwisha kulitamka moyoni, na amelitamka kwa uchungu zaidi kuliko kama angeambiwa. Mwandishi akiongeza sentensi moja tu ya “sikujua wakati ule kwamba…”, basi ameua kazi yake mwenyewe. (Sentensi hiyo naikuta mara nyingi katika miswada ya waandishi chipukizi ninayopewa niisome, na kila mara huifuta.)

James Phelan, mhakiki mwingine wa Marekani, alitenganisha kazi tatu za msimulizi: kuripoti kilichotokea, kufasiri maana yake, na kutathmini uzuri au ubaya wake. Msimulizi anaweza kuaminika katika kazi moja na kuanguka katika nyingine, na mgawanyo huo unatusaidia kuona kwamba watoto wa riwaya za karne hii hawaanguki mahali pamoja. Jack, mtoto wa miaka mitano katika Room ya Emma Donoghue (2010), anaripoti kwa makini kila kilichomo katika chumba alichozaliwa, lakini anafasiri vibaya, kwa sababu anaamini chumba hicho ndicho dunia nzima. Katika We Need New Names ya NoViolet Bulawayo (2013), msimulizi Darling na wenzake wanaliona tumbo la mimba la Chipo, msichana wa miaka kumi na mmoja, zaidi kama kitu kinachoharibu michezo yao, wakapanga kuliondoa wenyewe.

Anayenishughulisha zaidi ni Kambili wa Purple Hibiscus, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2003. Ana miaka kumi na mitano, si mtoto mdogo, na macho yake hayana kasoro: anaona michubuko ya mama yake na anausikia ukimya wa meza ya chakula. Hata hivyo anampenda baba anayewapiga, na anaona fahari kuonjeshwa chai yake hata inapomuunguza ulimi, kwa kuwa anaamini kwamba moto huo ndio upendo wa baba unaoingia mwilini mwake. Hapo kilichoharibika ni tathmini. Msomaji hajui zaidi yake kuhusu yaliyotokea, ila anapima kwa mizani ambayo Kambili hajaruhusiwa kuishika. Kwangu mimi huu ndio ustadi mgumu kuliko wote, kwa sababu mwandishi hawezi kutegemea ujinga wa mtoto; anategemea woga uliokwisha kugeuka mapenzi.

Udhaifu wa kawaida wa usimulizi wa namna hii ni sauti. Mtoto wa miaka minane anaanza ukurasa kwa “halafu” tatu mfululizo, akifika katikati anatoa tamathali za mshairi mzee. Ahmadou Kourouma, katika Allah n’est pas obligé (2000), alilikabili tatizo hilo waziwazi: askari mtoto Birahima anatembea na kamusi nne na kufafanua maneno makubwa anayoyatumia, hivyo msamiati uliomzidi kimo ukapata sababu ndani ya hadithi yenyewe.

Nikirudi upande wetu wa ziwa, huwa najiuliza Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ingekuwaje kama ingesimuliwa na mmoja wa wadogo zake Rosa pale Namagondo, Ukerewe, badala ya msimulizi maizi anayeingia moyoni mwa kila mtu. Mdogo huyo angeona barua ya mvulana, angeona kipigo cha baba yao Zakaria, na huenda angeamini, kama Kambili, kwamba baba amefanya lililompasa. Pengine tungemwogopa Zakaria zaidi, maana asingekuwepo mtu wa kumlaumu kwa niaba yetu. Gharama yake pia ni kubwa: Rosa anapoondoka kwenda shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu, mdogo wake angebaki na likizo, barua na maneno ya majirani tu, na anguko lote la Rosa lingetufikia kwa vipande ambavyo msimulizi mwenyewe asingejua kwamba vinahusiana.