Dodoma hadi Kolo: kusoma changarawe za miteremko ya Kondoa

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Babati, kituo cha kwanza cha maana kwa mtu wa udongo ni mashimo ya moramu yaliyoachwa kando ya lami baada ya Mayamaya. Wajenzi walichukua kifusi wakaacha kuta zimesimama wima, kwa hiyo kazi ya sululu ilishafanyika. Tuliteremka kwenye shimo moja tukakwangua ukuta kwa panga. Juu palikuwa na udongo mwekundu wa kichanga usio na jiwe hata moja. Kwenye kina cha sentimita 40 hivi ulianza mkanda wa mawe meupe yenye kona kali. Chini ya mkanda kulikuwa na mwamba uliooza, unaomeguka kwa kucha huku bado ukionyesha mistari yake ya asili.

Mkanda huo ndio ufunguo wa nchi nzima unayopita hadi Kondoa. Gneisi na graniti, miamba ya hapa, zina madini yasiyozeeka sawa. Felispa hugeuka mfinyanzi, ulanga mweusi hufumuka, lakini kwatzi, yaani yale mawe meupe, haiozi. Mishipa yake huvunjika tu vipande vipande. Mchwa nao hupandisha juu chembe ndogo wanazoweza kubeba, kwa kawaida chini ya milimita 2, na jiwe hubaki lilipo. Kazi hiyo ikiendelea kwa karne nyingi, udongo laini hukaa juu na mawe hujipanga chini. Mmomonyoko wa zamani pia huacha mikanda ya namna hiyo, na mara nyingi mambo yote mawili yamechangia.

Mtu akija hapo na keekee ya kuchimbia udongo, itagonga kwatzi na yeye ataandika kwenye fomu: mwamba, sentimita 40. Si mwamba. Ukivunja mkanda kwa mtaimbo unakuta chini yake mwamba laini ambamo mizizi ya miti inapita bila shida. Ramani nyingi za malisho hukosea hapo, zikionyesha udongo mfupi mahali ambapo nyasi tu ndizo zinazoishiwa nafasi.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, alizunguka sehemu za Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, na kwake wengi walijifunza kusoma kilele, ubavu na bonde kama mnyororo mmoja. Ndivyo tulivyokusudia kufanya Kolo. Chemba tuliipita bila kusimama, Kondoa mjini tukajaza madumu ya maji. Kipimo cha udongo wa changarawe kinakunywa maji mengi, na Novemba si mwezi wa kuomba maji kijijini kwa ajili ya kumwaga chini.

Vilima vya Kondoa vina historia ndefu ya mifugo na makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa kuchimba matuta ya makinga maji, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ufugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa zizini ulifuata baadaye. Usipojua hilo utashangaa kuona ubavu mmoja una nyasi ndefu na wa pili ni changarawe inayong'aa, ilhali mvua ni ileile.

Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, tuliuacha umma wa wageni ukielekea kwenye mapango tukashika ubavu wa pili, kutoka kwenye miamba kushuka hadi mto wa mchanga. Juu mteremko ulikuwa asilimia 18, chini ukalegea hadi 6. Tulikuwa na utaratibu mmoja: kwanza uliza changarawe iko wapi, ndipo uulize ni kiasi gani.

Chini tu ya miamba, mawe yanaelea. Ukiokota moja linatoka bila kuvunja kitu, na chini yake udongo ni wa chenga, una vitundu vya wadudu na mara nyingine unyevu kidogo. Mawe ya namna hii ni rafiki wa mfugaji. Yanapokea kishindo cha tone la mvua, yanapunguza kasi ya maji, na mbegu ya nyasi ikinasa pembeni ya jiwe hupata kivuli na umande. Michipukizi mingi ya nyasi ya Eragrostis superba tuliyoikuta ilikuwa ukingoni mwa mawe.

Mita chache chini, kwenye njia ya ng'ombe, changarawe ni ileile lakini imezama. Ukiing'oa inaacha kikombe chenye kuta laini na ngumu, na ukivunja ukoko unaoizunguka unaona viputo vidogo vya hewa vilivyonaswa ndani. Hapo jiwe limegeuka sehemu ya paa. Maji hayapiti kwenye kwatzi, hayapiti kwenye ukoko, kwa hiyo yanakimbia. Kwato ndizo zinazofanya kazi hiyo: mvua ikishalainisha udongo, ng'ombe akipita anakandamiza jiwe, jua likitoka ukoko unalishika.

Tulilinganisha sehemu hizo mbili kwa maji. Pete ya chuma ya kupimia jinsi maji yanavyozama haifai hapa. Inagonga jiwe, inainuka upande mmoja, na ufa unaobaki kando yake unavujisha maji, kisha unaandika kwamba udongo unakunywa vizuri kumbe maji yamekimbilia pembeni. Badala yake tulizungushia mraba wa sentimita 25 kwa 25 ukingo wa mfinyanzi tuliokanda, tukamwaga ndani lita 1 polepole. Hiyo ni sawa na mvua ya milimita 16. Kwenye mawe yanayoelea maji yalizama dumu likiwa bado mkononi. Kwenye yaliyozama yalibaki yanameta, tukaendelea kupima mteremko, tukarudi na bado yapo.

Kuna alama nyingine isiyohitaji maji. Angalia vijiwe vilivyokaa juu ya vinguzo vya udongo, kila kimoja kama kofia. Matone yamekula udongo kando, jiwe likalinda wa chini yake. Pima urefu wa kinguzo kwa rula: kila sentimita 1 iliyokwenda ni kama tani 140 za udongo kwa hekta, ukichukua uzito wa gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo. Ila usipime penye shina la nyasi, maana hapo udongo hulimbikizana na kinguzo kitakudanganya.

Sasa kiasi. Tulichimba shimo la sentimita 30 kila upande, yaani lita 27. Udongo wote unapita kwenye chekeche la tundu za milimita 2; kinachobaki kinaoshwa, kisha kinatumbukizwa kwenye ndoo yenye alama za lita na maji ndani. Maji yakipanda chini ya lita 4, changarawe haifiki asilimia 15 na hesabu zako hazitaharibika sana. Kati ya lita 4 na 9.5 ni udongo wa changarawe. Kutoka 9.5 hadi 16 ni wa changarawe nyingi, na kupita hapo unachimba mawe yenye udongo katikati yake. Tatizo ni kwamba kuta za shimo humeguka, na lita 27 zako huwa 32 bila wewe kujua. Dawa yake ni karatasi ya nailoni: itandike ndani ya shimo, jaza maji hadi usawa wa ardhi, uhesabu lita zilizoingia. Vipande vya gneisi iliyooza viweke kando. Vinafyonza maji na mizizi inaviingia, havistahili kuhesabiwa pamoja na kwatzi.

Wengine hupima kwa uzito kisha wakasoma jibu kana kwamba ni ujazo. Kwatzi ni nzito. Asilimia 60 kwa uzito ni kama 44 tu kwa ujazo.

Hesabu hii inaamua idadi ya ng'ombe. Udongo wa kichanga-tifutifu unaweza kushika milimita 120 za maji yanayofaa mimea katika kina cha mita 1. Juu ya mkanda unaoanzia kina cha sentimita 40 hiyo ni milimita 48. Nusu ya ujazo ikiwa kwatzi zinabaki 24, na nyasi zinazotumia milimita 4 kwa siku zitakauka baada ya siku 6 badala ya 12. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, unaokatika-katika Januari na Februari, tofauti hiyo ndiyo inayoondoa nyasi za kudumu kama Cenchrus ciliaris na kuacha nyasi za Aristida za msimu mmoja. Maji yaliyopenya chini ya mkanda yanachukuliwa na miti ya Commiphora na vichaka wenzake. Kulaumu vichaka kwa kuua nyasi, kwa maoni yangu, ni kuanza hesabu mwishoni.

Kuelekea chini tulikuta makinga maji. La udongo lilikuwa limepasuka sehemu yake ya chini kabisa, maji yote ya ubavu yakatokea hapo na korongo likaanza. Udongo wa kichanga chenye changarawe haushikani, na tuta likikosea usawa kwa kiganja tu linageuka mfereji. La mawe, lililopangwa kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja, na safu yake ya chini kuzikwa sentimita 10 hivi, lilikuwa zima kwa sababu maji yanachuja kupitia ndani yake. Kosa lililofanyika ni kuokota mawe ubavuni palepale. Eneo la juu yake lilikuwa limevuliwa nguo, lina ukoko mtupu, na mchanga wake umeshajaza kinga hadi shingoni. Mawe ya kujengea yatoke korongoni au kwenye rundo la shambani. Yanayoelea mtelemkoni yaachwe, na yaliyozama yang'olewe kwa jembe na kuachwa hapohapo juu ya ukoko uliovunjwa, mbegu zimwagwe kabla ya mvua ya kwanza.

Mtoni changarawe zimekwisha, ni mchanga mtupu. Sampuli tulizifungia hapo. Maabara hupima chembe zilizopita kwenye chekeche tu, kwa hiyo kila mfuko ulibandikwa asilimia ya changarawe kwa ujazo na kina cha mkanda. Majibu ya maji na rutuba yakirudi, yanapunguzwa kwa asilimia hiyo kabla ya kuandikwa kwa hekta.