Nilivyopata shamba la viazi mviringo kwa kuangalia mwinuko kwanza

Mimi kwetu ni Korogwe, tambarare, joto, mkonge kila unapogeuka. Kwahiyo nilipoamua kulima viazi mviringo sikuanza na bei wala mbegu, nilianza na mita, yaani eneo liko juu kiasi gani toka usawa wa bahari. Ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na kiazi mviringo kinataka usiku wa baridi, ukikiweka kwenye joto kali kinakupa majani mazuuuri ya kijani afu ukichimbua chini unakuta vigololi.

Nikaweka programu ya kupima mwinuko kwenye simu nikapanda gari Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita 30 na kitu tu lakini aisee barabara ile inafundisha kuliko darasa! Mombo simu inasoma mita 400 na kitu, nje ni mkonge na mpunga wa umwagiliaji, mnapiga kona baada ya kona namba inapanda tu, mkonge unapotea, inakuja migomba na kahawa, ukifika Soni masikio yashaziba na ubaridi unaingia dirishani, huko mbele ni kabichi, karoti, mapeasi. Lushoto mjini ni kama 1400. Mkoa ule ule wa Tanga, hata saa mbili hamjamaliza, na kilimo ni kingine kabisa.

Ila mita peke yake haitoshi. Upepo wa bahari unamwaga mvua upande wa milima unaoutazama, ukivuka kwenda upande wa Mkomazi ni pakavu. Kuna mzee alinionyesha shamba la kukodi bei chee, nikamuuliza mbona rahisi hivi, akanijibu, "Mwanangu, mawingu yakifika huku yashamaliza maji." Nilimshukuru sana kwa ukweli wake, nikalichukua lingine upande wa mvua, juu kidogo ya mji, lenye mteremko unaopigwa na upepo maana huko ukungu ndo adui mkubwa, majani yakishinda yamelowa ugonjwa unaingia haraka na shamba zima linaungua. Dawa ya kuzuia nilikuwa napiga mapema, sisubiri madoa.

Nikapanda mvua za masika zilipoanza. Siku ya kuchimbua shina la kwanza udongo ulipasuka viazi vikatoka vimeshikana, vizito, ngozi safi, nilifurahi mno.

Sasa wewe wa Njombe au Makete usichukue kalenda yangu. Baridi ya viazi mnayo tena ya kutosha, lakini mvua zenu ni msimu mmoja, zinaanza kama Novemba mpaka Aprili, huku kwetu tuna vuli na masika, ukipanda kwa kunifuata mimi mwezi wa tatu mvua itakuacha viazi bado vichanga. Na ndugu zangu wa Mtwara, korosho yenu inapenda joto hilo hilo linalokataa kiazi, ishikilieni.