Usiku nilipokataa kumpekua mwanamume

Kwa miaka mingi ya utumishi wangu wa polisi nilikuwa askari pekee wa kike katika zamu ya usiku, na kwa sababu hiyo kila mwanamke aliyekamatwa saa zile alinisubiri mimi ndipo apekuliwe. Niliitwa hata nikiwa mapumzikoni. Nilimwingiza mtuhumiwa katika chumba chenye mlango unaofungwa, nikamweleza ninachotafuta na sababu yake, kisha nikapitisha mikono juu ya nguo zake kuanzia mabegani hadi kwenye vifundo vya miguu. Kilichopatikana nilikiandika mbele yake naye akaweka sahihi. Sikuwahi kuuona wajibu huo kuwa mzigo, kwa kuwa nilijua ni aibu gani ninayomwepusha nayo.

Upande wa pili wa jambo hili ndio uliochelewa kuniingia akilini. Usiku mmoja wenzangu walikuwa doria, akabaki mkuu wa zamu peke yake kaunta, na hapo akaletwa mwanamume wa makamo aliyetuhumiwa kupokea mali ya wizi. Niliamriwa nimpekue upesi ili aingizwe mahabusu, nami nikatii. Nilimwelekeza ageukie ukuta, nikampapasa kiunoni na mapajani, huku watu wawili waliokuja kutoa taarifa wakitazama. Hakusema neno. Alifumba macho, na nilipomwambia nimemaliza hakugeuka mara moja. Laiti askari wa kiume angemfanyia mwanamke vile mbele ya watu, mimi ningekuwa wa kwanza kupaza sauti, na wazo hilo halikunipa usingizi.

Niliamua kusoma. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla namba 16 ya mwaka 1988 kuhusu faragha, ilieleza kwamba anayepekuliwa mwilini na maofisa wa dola achunguzwe na watu wa jinsia yake tu. Haikusema mwanamke, ilisema mtu. Mwaka 2001, katika shauri la Valašinas dhidi ya Lithuania, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba mfungwa wa kiume aliyevuliwa nguo zote mbele ya askari magereza wa kike alikuwa ametendewa kwa namna ya kudhalilisha. Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, ambazo zinahusu wafungwa na mahabusu, nazo zinataka upekuzi wa kuvua nguo ufanywe faraghani na watumishi waliofunzwa, wa jinsia moja na anayepekuliwa. Zipo sheria za nchi zinazomtaja mwanamke peke yake katika suala hili, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tulikua kazini tukiamini kwamba mwanamume hana staha inayohitaji kulindwa.

Nafasi ya kutenda tofauti ilikuja wiki chache baadaye, hali ikiwa ileile, nami nikamwambia mkuu wa zamu kwamba sitampekua mtuhumiwa. Aliniuliza swali la haki kabisa: "Na akiwa na kisu je?" Nilimwomba mtuhumiwa atoe mwenyewe vyote vilivyokuwa mifukoni na kuviweka mezani, avue koti na viatu, kisha akae kwenye benchi mbele yetu, mikono ikiwa juu ya magoti. Mkoba wake niliupekua mwenyewe, kwa sababu mkoba si mwili wa mtu. Chooni hakuruhusiwa kwenda bila kusindikizwa, nasi hatukumwondolea macho hata dakika moja. Tuliita gari la doria kwa redio, na mwenzetu alipofika alimpekua chumbani, akapata wembe uliofungwa kwa karatasi ndani ya mkunjo wa suruali.

Wembe ule haukunifanya nijute, ila ulinithibitishia kwamba kusubiri bila kumlinda mtuhumiwa kwa makini ni uzembe. Tena, mkono wake ungeelekea kiunoni ghafla nisingemngoja mtu yeyote: kumzuia anayetaka kuchomoa silaha ni kuokoa maisha, na jinsia haina nafasi hapo. Hata hivyo hatari ya namna hiyo huonekana kwa macho, nayo haiwezi kuwa kisingizio cha kila siku cha kituo kilichoshindwa kupanga zamu zake.

Kwa hiyo nilimwomba mkuu wa kituo apange kila zamu ili askari mmoja wa kiume na mmoja wa kike wabaki kituoni wakati wote. Upande wa wanaume lilikuwa jambo rahisi. Upande wa wanawake lilichukua muda, kwa sababu tulikuwa wachache. Niliomba pia kitabu cha kituo kiongezewe safu ya jina la aliyepekua na saa aliyofanya kazi hiyo, na ombi hilo likakubaliwa. Ikitokea nimebaki peke yangu na mtuhumiwa wa kiume, safu hiyo hukaa wazi hadi mwenzangu arudi, naye mtuhumiwa hukaa kwenye benchi mbele yangu, akijua ni nani anayesubiriwa na kwa nini.