Tarakimu Mbili za Sili

Malaba, Jumapili usiku

Wiki hii nimetimiza miaka mitatu tangu nikabidhiwe zamu ya usiku katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, na kwa kuwa mvua imewafukuza barabarani hata waendesha bodaboda, nimeona niandike habari ya usiku mmoja ambao nimekuwa nikiukwepa hata katika mawazo yangu.

Kwa asiyeijua kazi hii, tangu 2014 utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka shehena itangazwe na kulipiwa kodi ingali bandarini Mombasa. Lori likifika hapa mpakani mwa Kenya na Uganda husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, ambako maofisa wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Kazi kubwa inayobaki ni kulinganisha namba. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zote zilizoitangulia, kwa hiyo ukikosea, mara nyingi kompyuta hukukatalia papo hapo. Sili, yaani kifungio chenye namba kinachowekwa kwenye mlango wa kontena, haina mlinzi wa namna hiyo. Ikikatwa kwa ajili ya ukaguzi na nyingine ikafungwa, namba mpya huandikwa na mtu, na mtu akiandika 36 badala ya 63, mfumo huipokea bila kinyongo.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Lori lilikuwa la Kigali, na dereva alikuwa mzee wa Changamwe ambaye hupita hapa kila mwezi na hutuletea halua. Lilivuka Uganda nzima bila tatizo, likazuiwa Katuna, mpakani mwa Rwanda, kwa sababu sili iliyokuwa mlangoni haikuwa ile iliyoandikwa kwenye hati. Alinipigia simu saa tano usiku. “Mwanangu,” akasema, “hawa wanasema sili yangu si yangu.” Nilimwambia avumilie, tunalishughulikia.

Niliijua namba ile tangu alipoanza kuisoma, maana nilikumbuka hata mahali nilipokuwa nimeketi nilipoiandika, roleksi, ile chapati ya mayai, mkono wa kushoto na simu ya mteja sikioni. Hata hivyo, asubuhi yake nilipoikusanya zamu nilisema kwamba “kuna mtu” amekosea, na macho ya wote yakamwendea karani wetu mdogo, dada aliyekuwa na miezi minne tu kazini na ambaye usiku ule alikuwa ameketi karibu nami. Hakujitetea, nami sikumtetea. Siku mbili zilipita hivyo, mzee akilala ndani ya lori kwenye baridi ya Katuna, ambayo mtu wa pwani hakuizoea, huku mimi nikijiambia kwamba kiongozi akikiri kosa mbele ya walio chini yake, hawatamheshimu tena.

Siku ya tatu nilikuta daftari la sili mezani pangu, limefunguliwa kwenye ukurasa ule, na rula imewekwa chini ya mstari ulioandikwa kwa mwandiko wangu. Hapakuwa na maneno yoyote. Yule dada alikuwa kwenye meza yake akipanga hati, amenipa mgongo.

Niliwaita wote nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri na sentensi zangu hazikukamilika, lakini nilisema, kisha nikaandika barua ya kukiri kosa iliyoambatishwa kwenye maombi ya kurekebisha hati, na mzee akaachiwa siku iliyofuata. Hakunilaumu. Jambo hilo liliniuma kuliko lawama.

Katika mikutano yetu mkubwa wetu hupenda kumtaja mwanariadha wa Uganda Joshua Cheptegei, jinsi alivyoishiwa nguvu katika mbio za nyika za dunia huko Kololo, Kampala, Machi 2017 akiwa anaongoza, akamaliza wa 30, na miaka saba baadaye akachukua dhahabu ya mita 10,000 jijini Paris. Mfano huo ni mzuri, nami ni shabiki wake, lakini tangu Katuna siusikilizi kwa utulivu. Cheptegei alivumilia uchovu wake mwenyewe. Mzee alivumilia woga wangu, na ofisini mtu anaposifiwa kwa uvumilivu, siku hizi huwa najiuliza kwanza ni nani aliyemfikisha mahali pa kuvumilia.

Kilichonishangaza ni yaliyofuata wiki ile. Kijana wa skana alikuja kuniambia kwamba amepakia hati ya mteja mmoja kwenye faili la mwingine, akiwa ameligundua kosa kabla lori halijaondoka. Mwingine akakiri kwamba huwa haelewi vifupisho vya bima na amekuwa akibahatisha. Sidhani kwamba makosa yaliongezeka; nadhani yalikuwepo siku zote, yakifichwa nisiyaone, kama nilivyokuwa nikilificha la kwangu.

Sasa kila sili mpya husomwa kwa sauti na mmoja, na mwingine huifuata kwa kidole kwenye daftari. Utaratibu huo aliupendekeza yule dada, ambaye leo ndiye anayeshika zamu nikiwa mapumzikoni. Juzi usiku nilikuwa nikisoma mimi, nimechoka, malori kumi na moja nje. Nilipofika katikati ya namba alisimamisha kidole.

“Rudia, bosi,” akasema.

Nikarudia.